Vitoroli vya kusogezea gari: gari halina gia boksi, nalisogezaje ubavu mita moja na nusu ndani ya gereji?

KifunikoRejeta:

Wakuu, salamu. Naomba mawazo kabla sijafanya kitu cha kujutia.

Nina gereji ya nyumbani, upana mita 5.2, kina mita 5.5. Mlango uko katikati na una upana wa mita 2.6 tu, kwa hiyo kila upande wa mlango kuna ukuta wa mita 1.3. Aliyeijenga alikuwa na gari moja na hakuwaza kwamba kuna siku mtu atakuwa na mawili. Ukiingiza gari linasimama katikati, na hapo gereji imejaa.

Lililo ndani ni dogo, la kuvuta mbele (injini inazungusha tairi za mbele), kitabu chake kinasema kilo 1,150. Limesimama tangu tulipoishusha gia boksi, na gia boksi yenyewe iko sakafuni kwenye kona ikisubiri vipuri. Halitembei na halitatembea karibuni. Ninachotaka ni kulisogeza ubavu mpaka likaribiane na ukuta wa kushoto, kama mita moja na nusu hivi, ili la pili, linalolala nje, lipite upande wa kulia wa mlango. Nimepima kwa futi na kuchora kwa chaki. La kwanza likibaki na sentimita 20 kutoka ukutani, la pili linaingia na mlango wa dereva unafunguka vizuri kabisa. Hesabu imekubali, gari ndilo bado.

Nimeona vile vitoroli: sahani ya chuma iliyobonyea katikati, chini ina vigurudumu vinne vinavyogeuka kila upande. Unaweka kimoja chini ya kila tairi, halafu unasukuma gari kama kabati. Wenyewe wanaviita doli, jina ambalo hapa nyumbani limeshaleta shida. Binti yangu wa miaka sita alisikia baba anatafuta doli nne, na tangu siku hiyo ananiangalia kwa matumaini. Kwa hiyo humu tuviite vitoroli.

Kila kimoja kimeandikwa kilo 450. Vinne ni kilo 1,800, gari ni 1,150, nadhani hapo niko salama au vipi? Sakafu ni zege lililopigwa laini, ila katikati kuna ule mwanya wa maungio, mpana kama kidole, unatoka mlangoni mpaka ukuta wa nyuma, na umepita chini ya gari. Na je, kazi hii naweza kuifanya peke yangu? Mke wangu anasema siwezi, lakini alisema hivyo hivyo kuhusu gia boksi.

SitakiFundi:

Mkuu, kwa gari la kilo 1,150 unajisumbua. Kusanya vijana sita, washike bampa ya nyuma na kona zake, mlidundishe kwenye springi, likipanda mnalitupa pembeni. Kila mdundo sentimita kumi. Tulisogeza hivyo gari lililokuwa limeziba geti letu, dakika tano kazi imekwisha.

BabuSpana:

SitakiFundi, dundadunda hiyo naijua, na inafaa kwa gari lililo kamili lenye tairi nne chini. La huyu halina gia boksi, na sitashangaa kama mbele liko juu ya stendi, vile vigoda vya chuma vya kushikilia gari lililonyanyuliwa. Mkilidundisha mkia, pua itatoka kwenye stendi. Kifuniko, usithubutu.

Sasa tuje kwako. Nimetumia vitoroli hivi kwa miaka mingi kwenye gereji yangu ya nyumbani, si kwa kazi, ni kwa ukaidi tu wa kutaka vitu vinne kwenye nafasi ya viwili. Nianze na kilo zako, maana umezihesabu kama wengi tunavyozihesabu mara ya kwanza.

Usijumlishe vitoroli vinne. Gari halikai sawasawa kwenye tairi zake. La kuvuta mbele limebeba injini na gia boksi puani, kwa hiyo karibu asilimia 60 ya uzito iko mbele. Katika kilo 1,150 hiyo ni kama 690, yaani 345 kwa kila tairi ya mbele, na nyuma ni 230 kila moja. Kwa kuwa gia boksi iko chini, mbele itapungua kidogo. Hapo kilo 450 inatosha. Lakini ilinganishe na tairi nzito kuliko zote, usiilinganishe na gari zima. Mwenye gari la kilo 1,800 lenye asilimia 55 mbele atakuwa na kilo 495 kwenye kila tairi ya mbele, na huyo huyo akijumlisha vinne ataona yuko sawa kabisa. Na ile 450 iliyoandikwa ni ya kitoroli kilichokaa sawa kwenye sakafu sawa. Kigurudumu kimoja kikitumbukia kwenye mwanya wako, vitatu vilivyobaki vinabeba mzigo wa vinne.

Hilo la kilo ni dogo lakini. Kubwa ni hili ambalo hujaliuliza.

Niliwahi kuwa na gari la kuvuta nyuma, kilo 1,300 na ushei. Nililipandisha kwenye vitoroli vinne ili nipate nafasi ya meza ya kazi. Nikavuta hendibreki mpaka mwisho, nikatia gia ya kwanza, nikajiona mtu makini. Simu ikaita, nikaenda ndani kuipokea. Niliporudi gari halikuwa pale nilipoliacha. Lilikuwa limejigeuza mshazari, mkia umeelekea mlangoni, na kona ya bampa imeibana baiskeli ukutani. Sikusikia hata mlio. Nikaingia ndani ya gari kukagua hendibreki, bado imevutwa. Nikaishusha, nikaivuta tena, nikahesabu milio ya meno yake. Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea, na ndipo nikacheka kwa aibu peke yangu. Hendibreki inazuia tairi isizunguke, na kweli tairi haikuzunguka, ilikuwa imetulia kwenye sahani yake kama kuku anayeatamia. Vilivyozunguka ni vigurudumu kumi na sita vya chini yake, na hivyo hendibreki haijawahi kuvisikia.

Gari likishakaa kwenye vitoroli vinne halina breki. Halina hata mwelekeo, maana gari la kawaida linakwenda mbele au nyuma, lakini hili linaweza kwenda popote, likiwa na ubavu mbele likitaka. Hendibreki uiache ilivyo, inasaidia tairi isiviringike na kutoka kwenye sahani, lakini usiitegemee kwa lingine lolote.

Lililoliendesha gari langu ni sakafu. Fundi mwashi aliishusha sentimita 6 kwa kila mita 3 kuelekea mlangoni ili maji yatoke. Ukisimama juu yake huioni. Lakini hiyo ni asilimia mbili, na asilimia mbili ya kilo 1,300 ni kilo 26. Yaani ni kama mtu ameegemeza nusu mfuko wa saruji kwenye gari, akausukuma, na hachoki. Nilipokuwa pale, gari lilikuwa limetulia. Kuna kigurudumu kilikuwa kimezuiwa na kitu kidogo, kikaachia, basi.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pima sakafu. Weka gololi sehemu tano tofauti uone zinakwenda wapi. Gololi itakuonyesha upande, haitakuonyesha kiasi. Kwa kiasi chukua ule mpira wa maji wanaopimia usawa mafundi waashi, jaza maji, ncha moja ukuta wa nyuma, nyingine mlangoni, weka alama, pima tofauti. Njoo na namba.

Na unijibu jingine: shafti za mbele, zile fimbo zinazopeleka nguvu kutoka gia boksi mpaka kwenye tairi, zote mbili zimetoka?

Seremala_Mstaafu:

Nakazia ya Babu, na mimi niongelee huo mwanya, maana ndio utakaokukwamisha.

Umesema unatoka mlangoni mpaka nyuma, na gari linakwenda ubavu kushoto. Kwa hiyo tairi za kushoto hazitauvuka kabisa, ziko upande wake tayari. Ni za kulia tu, mbele na nyuma. Ni habari njema nusu, kwa sababu katika kila kitoroli vigurudumu viwili vitatumbukia kwa wakati mmoja.

Vitoroli vingi vya bei nafuu vina vigurudumu vidogo. Chukua cha kipenyo cha milimita 50 na mwanya wa milimita 15. Kikitumbukia, ili kitoke kinataka msukumo unaokaribia theluthi ya mzigo kilioubeba. Cha milimita 75 kinataka kama moja ya tano. Piga hesabu kwa tairi ya mbele ya kilo 345: kila kigurudumu kina kilo 86, viwili vikiwa mwanyani ni 172, theluthi yake ni karibu kilo 57 za kusukuma, kwa kitoroli kimoja tu. Utasukuma kwa nguvu, hakitoki, utaongeza nguvu, kitatoka kwa ghafla, na gari zima litaruka kuelekea ukutani. Pale ndipo milango inapobonyea.

Watu watakwambia utandike plaiwudi. Plaiwudi ya milimita 18 juu ya mwanya ni ngazi ya milimita 18. Kigurudumu kisichoweza kuvuka mwanya hakitapanda ngazi. Plaiwudi inafaa kama unatandika njia nzima, kuanzia pale gari linaposimama mpaka linapofika, vipande vimebanana visiachane. Bati nene la milimita 3 lililopigwa tupa kingo zake ni afadhali, ila nalo linateleza likiguswa na mguu.

Mimi nilifanya hivi. Nilikwangua mwanya mpaka ukawa safi, nikaranda ubao mgumu upana ule ule wa mwanya, nikaupigilia kwa nyundo ya mpira mpaka ukawa sawa na sakafu. Unapitisha kiganja juu na usiusikie. Ubao ukichomoza milimita moja, uurande papo hapo. Baada ya kazi uung'oe, huo mwanya uliachwa makusudi ili zege lipate pa kutanukia.

Kuhusu vigurudumu vyenyewe: vya chuma vinakwenda kwa wepesi sana lakini vinakwaruza sakafu, na kama umepaka rangi usahau rangi. Vya mpira vinasumbua kuanza, na gari likikaa juu yake miezi vinapata bapa, halafu vinakwenda kwa kugonga gonga. Vya plastiki ngumu ya kisasa, ile yenye kuteleza kama kucha, ndivyo ninavyovipenda.

Na usijaribu kujitengenezea vya mbao. Nasema hivyo nikiwa seremala. Nilitengeneza vinne, plaiwudi mbili nimezigandisha, vigurudumu nimevifunga kwa skrubu. Vilipendeza mno. Gari liliposukumwa ubavu, mzigo ukaegemea shingo za vigurudumu, skrubu zikang'oka moja baada ya nyingine kama vifungo vya shati la mtu mnene. Ingekuwa bolti zenye kupita mpaka upande wa pili na washa pana, pengine. Lakini chuma kipo, cha nini ubishi.

KifunikoRejeta:

Wakuu nimerudi, na asanteni, maana nilikuwa nimeshavaa ovaroli.

Gololi: nilizoweka zote zimekwenda mlangoni, isipokuwa moja iliyokwenda chini ya friji kuukuu na haijarudi. Mpira wa maji: tofauti ni sentimita 4 kwa mita 5.5 zote. Upande wa kushoto kwenda kulia hakuna tofauti ninayoweza kuipima.

Babu ulibahatisha, mbele kweli liko juu ya stendi mbili. Nyuma tairi ziko chini na hendibreki. Shafti zote mbili zimetoka. Kwani zina shida gani?

BabuSpana:

Sikubahatisha kijana, gia boksi haishuki gari likiwa limelala chini.

Sentimita 4 kwa mita 5.5 haifiki hata asilimia moja. Katika kilo 1,150 ni kama kilo nane zinazolivuta kuelekea mlangoni. Vigurudumu vikisimama huenda visianze vyenyewe kwa nguvu hiyo. Lakini vikishaanza kwenda ubavu, kilo nane zinatosha kupindisha safari. Utasukuma kushoto, lenyewe litakuwa linashuka kidogo kidogo kwa nyuma. Tafuta mkanda wa kufungia mizigo, ufunge kwenye ndoano ya kuvutia gari iliyo mbele, ncha nyingine kwenye kitu kilichoshikamana na ukuta wa nyuma. Usiukaze, uachie nafasi ya kutosha gari kwenda ubavu, lakini lisiweze kurudi nyuma zaidi ya shibiri moja.

Shafti sasa. Magari mengi ya kuvuta mbele, beringi ya gurudumu imekaa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kinachoibana isiachane ni jointi ya nje ya shafti, ile ya upande wa tairi, pamoja na ile nati kubwa ya katikati. Ukitoa shafti, habu inabaki imejishikilia tu. Gari likiwa kwenye stendi hakuna neno, tairi inaning'inia. Ukilishusha juu ya tairi hiyo, uzito wote wa pua unapita kwenye beringi isiyobanwa. Inaweza kupasuka au kuachana, halafu siku ya kufunga gia boksi utasikia mlio usiojua umetoka wapi. Tairi haihitaji kuzunguka, uzito peke yake unaharibu. Kwa hiyo kabla ya kushusha, rudisha jointi za nje kwenye habu, kaza nati mpaka ibane sawasawa. Kama hutaki kuhangaika na shafti nzima, jointi kuukuu ya nje kutoka kwa fundi yeyote inafanya kazi hiyo hiyo.

Ukimaliza hapo, kazi yenyewe iko hivi.

Fagia. Halafu fagia tena, halafu pitisha sumaku. Sifanyi utani. Kokoto ndogo kama kichwa cha kiberiti inasimamisha kigurudumu chenye kilo 80 juu yake.

Anza na mbele, kwa sababu liko juu tayari na nyuma bado lina tairi chini na hendibreki inayofanya kazi. Tia kabari tairi za nyuma, mbele na nyuma yake. Usukani uwe umenyooka. Hapa wengi wanashangaa: bodi inabidi iwe juu kuliko unavyofikiria, maana tairi inaning'inia kwenye springi, umenyanyua bodi sentimita kumi na tairi ndiyo kwanza inaaga sakafu. Kitoroli kikishapita chini, usikimbilie kushusha. Lala chini, shika vigurudumu kimoja kimoja kwa mkono, vigeuze vyote vielekee kulia, yaani shingo iko mbele na gurudumu linafuata nyuma yake, kama mkia, kwa safari ya kwenda kushoto. Ukiviacha ovyo, mwanzo wa kusukuma vyote kumi na sita vitataka kugeuka, kila kimoja kwa wakati wake, na gari litatikisika kama limeshikwa na degedege. Vigeuze, funga breki za vitoroli vyenyewe kama vinazo, ndipo ushushe polepole.

Nyuma ndiko kwenye hatari. Dakika ile tairi za nyuma zinapoaga sakafu, hendibreki yako imekwisha. Gari liko juu ya vitoroli viwili na jeki. Kwa hiyo kabla hujapiga jeki, hamisha kabari uziweke kwenye vitoroli vya mbele. Na jeki ile ya magurudumu, mkono wake unapopanda unachora upinde, kwa hiyo ama jeki itembee au gari litembee. Hakikisha magurudumu ya jeki yako huru kwenye sakafu safi, ili itembee jeki. Weka stendi nyuma, sukumiza vitoroli, shusha.

Peke yako hapana. Mke wako yuko sahihi kwa hili, kuhusu gia boksi sijui. Mtu mmoja pembe ya mbele kulia, mmoja pembe ya nyuma kulia, wa tatu anaangalia mkanda na vigurudumu na ndiye pekee mwenye ruhusa ya kusema twende na simama. Asiwepo mtu kati ya gari na ukuta wa kushoto, wala upande wa mlangoni. Msisukume bati la mlango wala la fenda, litabonyea. Sukumeni kwenye nguzo ya mlango, au chini kwenye tairi zenyewe. Na msisukume kwa kishindo. Linaanza zito, likianza ni jepesi, na kulisimamisha ni kazi ile ile ya kulianzisha.

SitakiFundi:

Haya Babu nimesalimu amri. Ila swali: vikishafika ukutani, si anaviacha hapo hapo chini ya gari? Siku ya kufunga gia boksi anaingia chini kiulaini, limeshanyanyuka.

BabuSpana:

Aingie chini ya gari lililo juu ya vigurudumu kumi na sita? Hapana. Likifika, lirudi kwenye stendi mbele, nyuma tairi chini na kabari. Chini ya gari lililo kwenye vitoroli hata kuchukua spana iliyobingirika siingizi mkono, naivuta kwa fagio.

KifunikoRejeta:

Wakuu, mrejesho. Limekwenda.

Tulikuwa watatu, mimi, shemeji na jirani. Maandalizi yalikula mchana mzima: jointi za nje kurudi kwenye habu, ubao wa Seremala kupigiliwa kwenye mwanya (niliuranda mara nne, mikono yangu si ya kazi hiyo), kunyanyua, kugeuza vigurudumu. Vya nyuma nilivigeuza kinyume, nikagundua baada ya kushusha, ikabidi tunyanyue tena. Kusukuma kwenyewe hakukufika dakika mbili.

Nilitarajia liwe zito. Tulipoanza halikutaka, tukaangaliana, shemeji akaongeza bega, mara likaanza na likawa jepesi kiasi cha kutisha, gari zima linakwenda kando kimya kimya kama kabati la nguo. Tairi za kulia zilivuka ubao wala hatukusikia. Halafu kama nusu mita kabla ya kufika, pua ikasimama ghafla na mkia ukaendelea. Jirani, ambaye ndiye alikuwa msemaji, alisema simama tukiwa tumeshasimama. Kitoroli cha mbele kushoto kimegoma, gari limeanza kuzunguka juu yake kama pia.

Nilifagia mara mbili, sumaku nikapitisha. Chini ya kigurudumu kulikuwa na washa ya shaba nyembamba, nadhani ya ile plagi ya kumwagia oili ya gia boksi. Sumaku haishiki shaba. Nilikuwa nimeitafuta tangu siku tuliposhusha gia boksi mpaka nikaagiza nyingine. Imebonyea katikati, ina alama ya kigurudumu. Tulirudisha mkia, tukaiondoa, tukamalizia.

Mkanda ulisaidia pia. Mwisho wa safari ulikuwa umekazika, maana yake lilikuwa linashuka mlangoni bila sisi kujua.

Sasa liko sentimita 22 kutoka ukutani, mbele liko kwenye stendi, nyuma kabari. La pili limelala ndani jana kwa mara ya kwanza. Nilitoka usiku kuliangalia. Na binti amepewa doli yake, moja, ameuliza tatu zilizobaki ziko wapi.

Seremala_Mstaafu:

Hongera sana. Ubao umeung'oa?

KifunikoRejeta:

Nimeung'oa, nimeuhifadhi.

BabuSpana:

Safi kijana, umefanya vizuri kuliko nilivyofanya mimi mara ya kwanza. Swali dogo tu. Hilo gari lako, gia boksi imekaa upande gani wa injini?

KifunikoRejeta:

Kushoto. Kwa nini?

KifunikoRejeta:

Babu.

KifunikoRejeta:

Sentimita 22.

BabuSpana:

Vigurudumu utavigeuza vielekee kushoto safari hii.